Prosesa ya kompyuta ya nyumbani

Prosesa ya kompyuta ya nyumbani (pia: kichakataji, bongo kuu) ni kipande cha kielektroniki kinachotekeleza maagizo ya programu katika kompyuta inayotumiwa na mtu binafsi au familia. Kila kinachofanywa na kompyuta, kuanzia kuonyesha herufi iliyobonyezwa hadi kucheza video, hupitia humo. Kwa sababu hiyo wauzaji hutumia jina la prosesa kama kipimo kikuu cha ubora wa kompyuta, na wanunuzi hulipa zaidi kwa ajili ya jina hilo.

Katika Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee kwa kuwa kompyuta nyingi za nyumbani hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Mnunuzi wa Bagamoyo, Chalinze au Ubena Zomozi anayekwenda Kariakoo, Dar es Salaam, anaweza kukuta mezani kompyuta zilizopishana umri kwa miaka kumi zimepangwa pamoja, zote zikiwa na kibandiko cha "Core i5" au "Core i7". Jina hilo peke yake halimwambii kompyuta ni ya mwaka gani wala ina nguvu kiasi gani. Kompyuta mpakato yenye Core i3 ya mwaka 2022 huizidi kwa mbali kompyuta mpakato yenye Core i7 ya mwaka 2015, ingawa kwa hesabu ya vidole saba ni kubwa kuliko tatu.

Jinsi inavyofanya kazi

Prosesa hutengenezwa juu ya kipande chembamba cha silikoni chenye transista, yaani swichi ndogo mno za umeme. Prosesa ya kwanza kuuzwa ikiwa yote katika kipande kimoja, Intel 4004 ya Novemba 1971, ilikuwa na transista 2,300 hivi. Prosesa za nyumbani za leo zina mabilioni. Maagizo ya programu huletwa kutoka kumbukumbu ya muda (RAM), prosesa huyasoma, huyatekeleza, kisha hurudisha majibu.

Kazi hiyo huenda kwa mapigo, mithili ya ngoma inayowaongoza wapiga makasia. Mapigo huhesabiwa kwa gigahezi (GHz): gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Lakini pigo moja la prosesa hii halilingani na pigo moja la prosesa ile. Prosesa iliyobuniwa vizuri hukamilisha maagizo mengi zaidi katika pigo lilelile.

Tangu miaka ya 2005 na 2006 prosesa za nyumbani zimekuwa na viini viwili au zaidi, na kila kiini ni kama prosesa kamili. Mfano wake ni mafundi wa majahazi. Fundi mmoja hodari huunda chombo polepole. Mafundi wanne humaliza mapema zaidi, mradi kazi iwe inagawanyika. Kupigilia mbao za ubavuni kunagawanyika, ila hakuna mafundi wanne wanaoweza kuchonga kwa pamoja ncha moja ya mlingoti. Programu nazo ziko hivyo. Kuhariri video au kubana faili kubwa hugawanyika vizuri kati ya viini vingi, lakini kuandika barua hutegemea zaidi wepesi wa kiini kimoja. Prosesa nyingi pia huruhusu kiini kimoja kushughulikia mikondo miwili ya maagizo kwa wakati mmoja, ndiyo maana tangazo linaweza kusema "viini 4, mikondo 8". Mikondo hiyo minane haina nguvu ya viini vinane.

Sehemu nyingine ni kashe, kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Misumari iliyo mkononi mwa fundi ndiyo kashe, iliyo kwenye sanduku la karakana ndiyo RAM, na iliyo dukani ndiyo diski. Kila mara prosesa inapolazimika kwenda "dukani" hukaa bure kwa muda ambao, kwa kipimo chake, ni mrefu sana.

Kwa nini gigahezi hazitoshi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 matangazo ya kompyuta yalishindana kwa gigahezi, na kwa kiasi fulani ilikuwa haki. Mwisho wa mbio hizo ulionekana kwenye Pentium 4, ambayo mwaka 2004 ilifikia GHz 3.8 na ikawa inakula zaidi ya wati 100 na kutoa joto jingi. Mwaka 2006 Intel yenyewe ilitoa Core 2 Duo, ambayo kwa mapigo ya chini ya GHz 2 katika matoleo yake ya bei nafuu iliweza kuipita Pentium 4 katika kazi nyingi. Tangu hapo kulinganisha prosesa za vizazi tofauti kwa gigahezi tu hakuna maana.

Mfano ulio karibu na mnunuzi wa leo ni prosesa mbili zinazopatikana kwa wingi katika kompyuta mpakato zilizotumika maofisini. Core i5-6300U ya mwaka 2015 ina mapigo ya kawaida ya GHz 2.4, na Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina GHz 1.6. Mtu akitazama namba hizo tu atachagua ya kwanza. Kumbe ya kwanza ina viini 2 na ya pili ina viini 4. Kashe ya kwanza ni megabaiti 3 na ya pili ni 6. Tena ya pili huweza kupanda kwa muda hadi GHz 3.4 wakati ya kwanza huishia GHz 3.0. Zote mbili zimepangiwa wati 15. Katika kazi zinazogawanyika, i5-8250U hukaribia kufanya mara mbili ya kazi ya i5-6300U. GHz 1.6 ni mapigo yake ya kujihakikishia pale viini vyote vinapofanya kazi kwa muda mrefu, nayo ndiyo namba ambayo mara nyingi huandikwa kwenye karatasi ya bei.

Kusoma jina la prosesa

Intel ilianza kutumia jina Core i7 mwaka 2008, Core i5 mwaka 2009 na Core i3 mwanzoni mwa 2010. Core i9 ilifuata mwaka 2017. Namba hizo 3, 5, 7 na 9 hupanga ndugu wa tumbo moja: ndani ya kizazi kimoja na aina moja ya kompyuta, i5 huwa na uwezo kuliko i3, na i7 kuliko i5. Nje ya mipaka hiyo mpangilio huvunjika. Habari yenye manufaa iko katika namba ndefu inayofuata na herufi ya mwisho, na hapo ndipo muuzaji asiye mwaminifu hunyamaza.

Namba ndefu ikianza na tarakimu kati ya 2 na 9, tarakimu hiyo ndiyo kizazi. Core i5-4300U ni ya kizazi cha 4, na i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Ikianza na 1, tarakimu mbili za kwanza ndizo kizazi: i5-10210U ni kizazi cha 10, i3-1115G4 ni cha 11, i3-1215U ni cha 12. Zile zenye tarakimu tatu tu, kama i5-520M, ni za kizazi cha kwanza kabisa. Leo hazifai kununuliwa hata kwa bei ya kutupa, isipokuwa kwa kujifunzia ufundi.

Herufi ya mwisho hueleza prosesa ilikusudiwa nini. U ni ya kompyuta mpakato nyembamba zinazobana umeme. H au HQ ni ya kompyuta mpakato zenye nguvu, ambazo ni nzito na humaliza betri mapema. Y ni ya vifaa vyembamba mno na hutarajiwa kuwa polepole. Kwa kompyuta za mezani, namba isiyo na herufi ni ya kawaida, T hubana umeme, na K huruhusu mtumiaji kuongeza mapigo. Ya kuogopwa na asiyejua ni F, kwa kuwa prosesa yenye herufi hiyo haina sehemu ya kuonyesha picha. Kompyuta ya mezani yenye i5-10400F bila kadi ya picha itawaka feni zikazunguka, lakini kioo kitabaki cheusi, na mwenyewe atadhani ameuziwa mbovu.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye herufi U ya vizazi vya 4 hadi 7. Katika vizazi hivyo takriban kila Core i7 yenye U, kwa mfano i7-4600U, i7-6600U na i7-7600U, ina viini 2 tu, sawa na i5 ya kizazi hichohicho. Tofauti kati ya i5-6300U na i7-6600U ni mapigo kidogo na kashe ya megabaiti 4 badala ya 3. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuihisi, lakini bei huihisi. Kwa upande mwingine Core i7-6700 ya kompyuta ya mezani, ya kizazi hichohicho, ina viini 4. Ni jina moja, "i7 ya kizazi cha sita", kwa vitu viwili vilivyo mbali kabisa kwa uwezo. Viini 4 viliingia katika Core i5 na i7 za U kwa wingi katika kizazi cha 8, mwaka 2017. Kwa hiyo mstari kati ya kizazi cha 7 na cha 8 ni mpana kuliko mistari mingine ya karibu yake.

Kuanzia kizazi cha 12 Intel huchanganya viini vikubwa vya kazi nzito na viini vidogo vya kubana umeme. Core i3-1215U ina viini 6: vikubwa 2 na vidogo 4. Hesabu ya viini nayo imepoteza unyoofu wake wa zamani. Tangu mwishoni mwa 2023 kampuni hiyo imeanza kuacha herufi "i" na kutumia majina kama Core Ultra 5 na Core 5, hivyo mnunuzi wa miaka ijayo atalazimika kujifunza upya.

Chini ya familia ya Core kulikuwa na Pentium na Celeron, na siku hizi kuna prosesa za mfululizo wa N. Celeron N4020, yenye viini 2 na wati 6, imewekwa katika kompyuta mpakato mpya nyingi za bei ya chini. Inatosha kuandika na kusoma barua pepe, lakini huchoka haraka vikifunguliwa vichupo vingi vya kivinjari. N100 ya mwaka 2023, yenye viini 4 na wati 6 vilevile, ni hatua kubwa mbele yake. Hapa pia upya wa boksi usimdanganye mtu: kompyuta mpya yenye Celeron N4020 huzidiwa na iliyotumika yenye i5-8250U.

AMD, mshindani wa Intel tangu zamani, ilirudi kwa nguvu mwaka 2017 kwa familia ya Ryzen, yenye ngazi za 3, 5, 7 na 9. Kabla ya hapo kompyuta mpakato za AMD za bei nafuu zilitumia majina kama E1, E2, A4 na A6, na hizo ni dhaifu. Majina ya Ryzen yana vurugu yake. Mfululizo wa 7000 wa kompyuta mpakato huchanganya miundo mipya na ya zamani, na kinachofichua ni tarakimu ya tatu. Ryzen 5 7520U inatumia muundo wa Zen 2, ambao ulianza mwaka 2019, 7530U ni Zen 3, na 7540U ni Zen 4. Zote tatu huitwa Ryzen 5, na zote zinaanza na 7.

Mpaka wa Windows 11

Kwa miaka mingi prosesa ya zamani ilikuwa na dosari moja tu, yaani upole. Hali hiyo ilibadilika tarehe 5 Oktoba 2021 Microsoft ilipotoa Windows 11. Mfumo huo unataka, pamoja na mambo mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha huanza na kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache za kizazi cha 7. Kwa AMD huanza na baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 2000. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa bure kwa Windows 10 ulikoma. Microsoft iliweka mpango wa kuongeza masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026, bila kuahidi zaidi ya hapo.

Kwa soko la mitumba la Afrika Mashariki tarehe hizo zina maana mbili. Kampuni za Ulaya na Marekani zinazoondoa kompyuta za vizazi vya 4 hadi 7 huzimwaga sokoni kwa wingi, na bei yake hushuka. Wakati huohuo mnunuzi hupata kompyuta ambayo mfumo wake rasmi umefika mwisho. Muuzaji anaweza kuweka Windows 11 kwa njia ya kukwepa ukaguzi, na kompyuta ikafanya kazi vizuri tu siku ya kununua. Ila Microsoft haiahidi kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Kuna kinaya katika orodha hiyo. Celeron N4020 iliyoelezwa hapo juu inakubaliwa, lakini Core i7-7700 ya mezani, yenye viini 4 na mapigo ya GHz 3.6, haikubaliwi. Orodha haikupangwa kwa nguvu.

Mwenye kompyuta ya kizazi cha 4 hadi 7 hana haja ya kuitupa. Mifumo ya Linux kama Ubuntu na Linux Mint huendelea kupata masasisho na hufanya kazi vizuri kwenye prosesa hizo. Kuandika, kuvinjari, na kutumia LibreOffice kwa kazi za shule na ofisi ndogo huwezekana bila tatizo. Ugumu huja pale programu fulani ya lazima, kwa mfano ya uhasibu au ya uchoraji wa majengo, inapopatikana kwa Windows pekee. Anayenunua sasa, hata hivyo, ana sababu nzuri ya kuanzia kizazi cha 8. Katika kompyuta za ofisi zilizotumika, matoleo kama Lenovo ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5 kwa kawaida huja na kizazi hicho, na EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6. Jina la kompyuta linaweza kutumika kama dalili, lakini si uthibitisho, kwa kuwa T480 nazo ziliuzwa chache zenye kizazi cha 7.

Umeme na joto la pwani

Wati zinazoandikwa kwa prosesa ni makadirio ya umeme na joto katika kazi ya kawaida, na kwa muda mfupi prosesa huweza kuzipita. Hata hivyo zinaonyesha tofauti kubwa kati ya aina za kompyuta. Core i7-2600 ya mezani ya mwaka 2011 imepangiwa wati 95, na i5-8250U ya kompyuta mpakato wati 15. Prosesa hizo mbili hazipishani sana kwa uwezo.

Kwa nyumba inayonunua umeme wa LUKU hesabu yake ni rahisi. Kompyuta ya mezani ambayo yote kwa jumla, pamoja na kioo, inavuta wati 100 kwa saa 5 kila siku hula uniti 15 kwa siku 30. Kompyuta mpakato inayovuta wati 25 kwa muda huohuo hula uniti 3.75. Wateja wa TANESCO walio katika kundi la matumizi madogo, ambalo bei yake ni nafuu, hutakiwa wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta hiyo ya mezani peke yake hula moja ya tano ya kiwango hicho, na familia iliyokuwa karibu na mpaka inaweza kutolewa kwenye kundi. Kwa nyumba ya kijijini inayotegemea sola, tofauti hiyohiyo ndiyo huamua kama kompyuta itawaka jioni au la. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato huendelea kwa betri, ilhali ya mezani huzimika papo hapo isipokuwa ina UPS.

Joto ni suala jingine. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato huruhusiwa kufika nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hujipunguzia mapigo zenyewe ili zisiungue, na mtumiaji huona kompyuta imekuwa nzito ghafla. Katika pwani ya Bagamoyo, ambako mchana wa miezi ya kaskazi joto la hewa hupita nyuzi 30, feni huingiza hewa ambayo tayari ni ya moto. Vumbi la barabara za udongo hujaa kwenye mapezi ya kupoozea, na hewa ya chumvi huharakisha kutu kwenye viunganishi. Gundi laini inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kupoozea hukauka baada ya miaka. Kwa hiyo kompyuta iliyotumika inayolalamikiwa kwamba "prosesa imechoka" mara nyingi prosesa yake ni nzima. Inahitaji kusafishwa feni na kupakwa gundi mpya, kazi ya saa moja kwa fundi anayeijua. Kuitumia juu ya godoro au mto, panapozibwa matundu ya hewa, hurudisha tatizo lilelile.

Kazi ipi inahitaji prosesa ipi

Kwa mwanafunzi wa sekondari au chuo anayeandika, anayesoma vitabu vya mtandaoni vya Taasisi ya Elimu Tanzania na kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, prosesa yoyote ya Core i3 au i5 kuanzia kizazi cha 8, au Ryzen 3 ya karibu, inatosha na kubaki. Kinachomchelewesha mara nyingi ni diski ya kuzunguka (HDD) na RAM ya gigabaiti 4. Kubadilisha diski hiyo kwa SSD na kuongeza RAM hadi gigabaiti 8 huleta nafuu kubwa kuliko kutoka i5 kwenda i7, tena kwa gharama ndogo. Hili linafaa kukumbukwa kwa kuwa katika kompyuta mpakato nyingi za kisasa prosesa imechomelewa kwenye ubao mama na haibadilishiki. Diski hubadilishika katika kompyuta nyingi, na RAM katika baadhi. Mwenye fedha kidogo achague prosesa kwanza, vingine aviongeze baadaye.

Kutazama video kunategemea kitu ambacho hakiandikwi kwenye tangazo: kama prosesa ina sehemu maalumu ya kufungua aina ya mbano iliyotumika. YouTube hutumia sana mbano wa VP9. Prosesa za Intel hufungua VP9 kikamilifu kwa sehemu hiyo maalumu kuanzia kizazi cha 7, na mbano mpya wa AV1 kuanzia kizazi cha 11. Prosesa ya zamani zaidi hulazimika kuifanya kazi hiyo kwa nguvu za viini vyake vya kawaida. Ndiyo maana Core i7 ya kizazi cha 4 huweza kunguruma feni kwa video ambayo Core i3 ya kizazi cha 11 huicheza kimya.

Anayehariri video au muziki, kwa mfano mwanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), yuko katika kundi tofauti. Hapo viini 6 au zaidi vina faida inayoonekana. Prosesa za H huwa bora kuliko za U, na RAM ya gigabaiti 16 si anasa. Kwa fedha zilezile kompyuta ya mezani itampa nguvu zaidi, kama umeme wa nyumbani unaruhusu. Michezo ya kompyuta hutegemea zaidi kadi ya picha kuliko prosesa.

Kukagua kabla ya kulipa

Kibandiko si ushahidi, maana hubanduliwa na kubandikwa kingine. Kompyuta iwashwe. Katika Windows, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika dxdiag na kubonyeza Enter huonyesha jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM. Kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager. Sehemu yake ya utendaji huonyesha idadi ya viini, mikondo na mapigo ya wakati huo. Muuzaji anayekataa kuiwasha kompyuta au anayesema betri imeisha na chaja haipo hana budi kuachwa.

Jina kamili likishajulikana, simu yenye intaneti humaliza kazi. Tovuti za Intel na AMD huorodhesha kila prosesa na mwaka wake, viini vyake na wati zake. Vipimo vya wazi kama PassMark, Cinebench na Geekbench hutoa alama za kulinganisha. Alama za kiini kimoja ndizo zinazoonyesha wepesi katika kazi za kila siku, na alama za viini vyote huonyesha uwezo wa kazi nzito. Tofauti ya asilimia 10 kati ya prosesa mbili haihisiki katika matumizi ya nyumbani, na haifai kulipiwa.

Baada ya hapo ichezwe video kwa dakika 10 hadi 15 huku Task Manager ikiwa wazi. Mapigo yakianguka sana na sehemu ya chini ikawa haishikiki kwa moto, mfumo wa kupoozea una kasoro. Risiti ya EFD inayotaja jina kamili la kompyuta na prosesa yake, pamoja na dhamana ya maandishi hata ya mwezi mmoja, humpa mnunuzi mahali pa kuanzia akirudi dukani. Risiti iliyoandikwa "laptop i7" tu haimsaidii.

Historia fupi nchini Tanzania

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na ilikuwa mashine kubwa ya kampuni ya Kiingereza ya ICT. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta baada ya matatizo na gharama za mashine zilizotangulia, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye. Hivyo wakati IBM inatoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, ikiwa na prosesa ya Intel 8088 ya megahezi 4.77, Tanzania ilikuwa karibu nje kabisa ya soko hilo. Kompyuta za nyumbani zilienea nchini baadaye sana, na kwa sehemu kubwa kupitia mitumba.

Prosesa za ARM na simu

Prosesa za Intel na AMD za nyumbani hufuata ukoo wa maagizo ulioanza na Intel 8086 ya mwaka 1978. Ukoo mwingine, ARM, ulizaliwa Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn, na prosesa yake ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985. Karibu simu zote za mkononi hutumia ARM. Simu za Tecno, Infinix na itel zinazouzwa kwa wingi Afrika Mashariki huwa na prosesa za MediaTek au Unisoc. Tangu Novemba 2020 Apple nayo hutumia prosesa zake za ARM, kuanzia M1, katika kompyuta zake, na zimesifiwa kwa kukaa muda mrefu kwa betri. Programu iliyotengenezwa kwa ukoo mmoja haiendi moja kwa moja kwenye mwingine bila kutafsiriwa. Kwa hiyo anayenunua kompyuta ya Windows yenye prosesa ya ARM, kama zile za Qualcomm Snapdragon, anapaswa kwanza kuhakikisha kwamba programu zake za kazi na printa yake vinakubali.